Kusomea tiba ya ndoa na familia Marekani kwa Kiingereza na Kihispania: hesabu saa kwanza

Kila baada ya miezi miwili mitatu napata ujumbe wa aina moja: "Dada, nataka kusomea ushauri wa ndoa na familia huko Marekani. Nimesikia wenye Kihispania wanagombaniwa. Chuo gani kizuri?" Nami hujibu kwa swali: utakaa jimbo gani? Muulizaji hukasirika kidogo, kama mtu aliyeuliza bei ya samaki akaulizwa sufuria yake ina ukubwa gani. Lakini swali la jimbo ndilo linaloamua karibu kila kitu, na wengi hulifikia wakiwa wameshalipa ada ya muhula wa kwanza.

Mimi nilifika Texas nikitokea Tanga, nikabeba boksi kama wenzangu, zamu za usiku katika nyumba ya wazee. Kihispania nilifundishwa na wanawake wa Meksiko na Honduras niliokuwa nikigeuza nao wagonjwa vitandani. Baadaye nikaingia darasani, nikasota, nikapata leseni. Haya ndiyo ambayo ningependa ningeambiwa mapema.

Hatua ya kwanza: chagua jimbo kabla ya chuo

Tiba ya ndoa na familia, ambayo huku huitwa MFT kwa kifupi, ni taaluma yenye leseni yake, mbali na ya mwanasaikolojia na mbali na ya afisa ustawi wa jamii. California ilianza kutoa leseni hiyo mwaka 1963, na kufikia 2009 majimbo yote 50 yalikuwa nayo. Ila hakuna leseni ya taifa. Kila jimbo lina bodi yake, fomu zake na ukali wake.

Shahada ya uzamili ni nusu ya safari tu. Nusu nyingine ni saa: muda wa kukaa na wateja chini ya msimamizi, unaoandikwa na kutiwa saini. California inadai saa 3,000, na hata ukifanya kazi kama punda huwezi kuzimaliza chini ya wiki 104. Kati ya hizo, angalau 1,750 ziwe za kutoa tiba yenyewe, na ndani ya hizo 500 ziwe za wanandoa, familia au watoto. Saa ulizofanya ukiwa bado mwanafunzi zinahesabiwa, lakini haziwezi kuzidi 1,300. Texas nayo inadai 3,000, nusu yake ziwe za kuhudumia wateja moja kwa moja.

Kwa hiyo fungua tovuti ya bodi ya jimbo lako kabla ya tovuti ya chuo chochote. Texas tafuta Behavioral Health Executive Council. California tafuta Board of Behavioral Sciences, ambayo kila mtu huku huiita BBS. Chapisha ukurasa wa masharti ya leseni, chukua kalamu, pigia mstari kila namba. Karatasi hiyo itakuwa rafiki yako kwa miaka minne mitano ijayo.

Hatua ya pili: angalia ithibati, halafu uliza inakufaa vipi

Chombo kinachokagua programu za taaluma hii ni COAMFTE. Programu yenye ithibati yake hukubalika kwa urahisi ukihama jimbo, kwa sababu bodi nyingi huitumia kama kipimo.

Hapa pana mtego ambao watu wa California huuingia bila kujua. Jimbo hilo halidai ithibati ya COAMFTE. Linatazama kama chuo chenyewe kinatambuliwa na kama masomo yanafikia uniti 60 za muhula pamoja na mada linazozitaka. Matokeo yake zipo programu nyingi za California, baadhi nzuri sana, zisizo na ithibati hiyo. Ukibaki Los Angeles maisha yako yote, hakuna neno. Ukiolewa ukahamia kwingine, unaweza kujikuta unarudi kusoma somo moja moja kujazia pengo. Kwa mtu wa diaspora, ambaye leo yuko kwa kaka yake Houston na kesho amefuata kazi Minneapolis, mimi ningesema lipia ithibati.

Programu za mtandaoni nazo zipo, na zenye ithibati zipo. Darasa utalifanya jikoni kwako, lakini fildi, yaani mafunzo ya vitendo na wateja, utaitafuta mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hatua ya tatu: jua "lugha mbili" maana yake nini

Marekani ina zaidi ya watu milioni 40 wanaozungumza Kihispania nyumbani, kwa hiyo vyuo vinajua kwamba neno hilo linauza. Lakini chini ya bango moja utakuta bidhaa tatu tofauti.

Ya kwanza ni programu ambayo baadhi ya masomo hufundishwa kwa Kihispania, na kliniki ya chuo inahudumia wateja kwa Kihispania, mwishoni unapewa cheti cha ziada. Mfano unaotajwa sana ni Our Lady of the Lake University, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1895 mjini San Antonio, mji ambao zaidi ya nusu ya wakazi wake ni Walatino. Alliant International University ya California nayo imekuwa na cheti cha tiba ya familia za Amerika ya Kilatini.

Ya pili ni programu yenye msisitizo wa familia za Kilatino. Pepperdine, huko kusini mwa California, ina mkondo wa namna hiyo chini ya kituo chake kiitwacho Aliento. Hapa unasoma uhamiaji, dini, ukubwa wa ukoo, mambo ya nyaraka za ukaazi, na Kihispania cha kikazi kinaingia humo.

Ya tatu ni programu ya kawaida kabisa ya Kiingereza ambayo inakuambia "utapata wateja wa Kihispania kwenye fildi". Hii ndiyo ninayokuonya nayo. Nilimfahamu mwenzangu mmoja, chuo chake nakiacha bila jina, aliyepelekwa kituo cha jamii wiki ya pili ya fildi akapewa familia tisa za Kihispania kwa sababu tu aliandika kwenye fomu kwamba anakiongea. Msimamizi wake hakujua hata "buenos días" vizuri. Mwenzangu alikuwa akirekodi mazungumzo kwa Kihispania, anaandika muhtasari kwa Kiingereza, na msimamizi anausahihisha huo muhtasari. Hakuna aliyekuwa akisikiliza alichosema kwa mteja. Alikuwa kama rubani mwanafunzi anayesahihishwa barua aliyoandika kuhusu kuruka.

Kwa hiyo maswali ya kuwaandikia ni haya, na dai majibu ya maandishi. Nani atanisimamia kwa Kihispania, na ana leseni gani? Je, ataangalia rekodi zangu au atasikiliza simulizi zangu tu? Masomo mangapi yanafundishwa kwa Kihispania chenyewe? Mnapimaje lugha ya mwanafunzi kabla hajapewa mteja? Wahitimu wenu wa mwaka jana walitoka na saa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za wanandoa na familia? Chuo kinachojua kazi yake kitajibu ndani ya wiki. Kikianza kukutumia vipeperushi vyenye picha za wanafunzi wanaocheka, umeshapata jibu.

Hatua ya nne: pima Kihispania chako kwa mizani ya kliniki

Kihispania cha kazini si Kihispania cha tiba. Mimi nilijiona gwiji: nilikuwa nataniana, nabishana, hata kuota kwa Kihispania. Siku ya kwanza nilipotakiwa kumweleza baba mmoja kwamba atakayoniambia ni siri yetu, isipokuwa akiniambia mtoto anaumizwa, au yeye mwenyewe anataka kujiua, au kuna mtu anataka kumdhuru, nilitokwa na jasho la kwapa. Maneno ya vitanda na sabuni hayakunisaidia.

Jipime hivi. Simama mbele ya kioo, ueleze hiyo siri na mipaka yake kwa Kihispania, bila karatasi, kwa dakika tatu. Kisha muulize mtu wa kufikirika kama amewahi kufikiria kujitoa uhai, moja kwa moja, bila kuzunguka: "¿Ha pensado en quitarse la vida?" Kisha eleza tofauti ya huzuni ya msiba na sonona. Ukikwama pote patatu, usikate tamaa, ila chagua programu ya aina ya kwanza.

Angalia pia ile "usted", wewe ya heshima, na "tú", wewe ya kirafiki. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa kuliko Mmarekani. Sisi tunajua kwamba salamu ni mlango: usiposema shikamoo kwa mzee wa watu, hata dawa yako haitanywewa. Mgeni aliyejifunzia darasani anamwita bibi wa miaka 70 "tú", halafu anashangaa bibi harudi wiki ya pili. Walatino wenyewe huliita jambo hilo "respeto", na nilipolisikia mara ya kwanza nilihisi niko kwa shangazi Korogwe.

Halafu neno moja linabadilika kutoka nchi hadi nchi. Kamusi itakuambia "coraje" ni ujasiri. Mama wa Meksiko akisema "me dio coraje" anakuambia alipandwa na hasira. Mtu akisema ana "nervios" usikimbilie kuandika wasiwasi. Inaweza kuwa mwili mzima, ndoa, na kodi ya nyumba. "Ataque de nervios" ina nafasi yake hata ndani ya DSM-5, kitabu cha utambuzi wa magonjwa ya akili cha mwaka 2013. Sisi tunalo letu: mtu akisema "nina mawazo", mkalimani wa haraka haraka atatafsiri kwamba ana fikra, na daktari atamjibu vizuri sana, kila mtu ana fikra.

Na si kila aliyetoka Guatemala ana Kihispania. Wapo wanaozungumza Kimam au Kik'iche', wanaitikia "sí, sí" kwa adabu tu. Ni kama mama wa Kinyamulenge anayepewa mkalimani wa Mombasa kwa sababu fomu imesema Kiswahili.

Hatua ya tano: fedha na viza

Vyuo vikuu vya umma, kama vile vya mfumo wa California State University, ni nafuu mno kuliko vya binafsi, na leseni ni ile ile. Programu nyingi za lugha mbili ziko vyuo vya binafsi, kwa hiyo piga hesabu: je, unaweza kusoma chuo cha umma, ukachukua cheti cha Kihispania cha kliniki pembeni, na kutafuta fildi kwenye kituo chenye msimamizi wa Kihispania? Wengi wanaofanya hivyo hutoka na deni dogo na ujuzi uleule.

Mkopo wa serikali kuu ni kwa raia, wenye green card, na wakimbizi waliopokewa pamoja na waliopewa hifadhi. Kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unajaza pengo lote umefutwa. Kiwango cha mwanafunzi wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka, na jumla isizidi 100,000. Programu ya binafsi inayozidi hapo utaifidia mfukoni au kwa mkopo wa benki, na mkopo wa benki sikushauri. Baada ya leseni kuna National Health Service Corps, inayolipa sehemu ya deni kwa wanaokubali kufanya kazi maeneo yenye uhaba. Wataalamu wa MFT wamo kwenye orodha yake.

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, asome aya hii mara mbili. Fildi inayolipwa, au iliyo nje ya chuo, inahitaji CPT, yaani kibali cha mafunzo ya kazini wakati wa masomo, kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukitumia CPT ya kutwa kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Na OPT yenyewe kwa taaluma hii ni miezi 12 tu, kwa sababu ile nyongeza ya miezi 24 ni ya masomo ya sayansi na teknolojia. Sasa rudi kwenye ile karatasi yako: wiki 104. Miezi 12 peke yake haitoshi. Kabla hujaja, jua saa zilizobaki utazimalizia wapi: kwa mwajiri atakayekuombea viza nyingine, au kwingineko. Anayepanga kurudi Kenya aangalie pia bodi iliyoundwa na sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, ajue watataka nini kwenye vyeti vyake. Huenda hahitaji leseni ya Marekani hata kidogo, na hapo hesabu yote inabadilika.

Hatua ya sita: maombi

Hapa sitakaa sana. Shahada ya kwanza ya Dar, Nairobi au Kampala itahitaji tathmini ya shirika linalotambuliwa, la kuilinganisha na ya Marekani. WES ndilo linalojulikana zaidi. Anza mapema, maana kusubiri nakala ya matokeo kutoka ofisi ya msajili kunaweza kumaliza msimu mzima wa maombi. Shahada si lazima iwe ya saikolojia, ila utatakiwa kujazia masomo machache. Barua tatu za kukupendekeza. Moja itoke kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi na watu, hata kama ni msimamizi wako wa nyumba ya wazee. Katika insha usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda kusaidia watu. Kila mtu ameandika hivyo.

Hatua ya saba: fildi na kioo

Utapelekwa kwenye chumba chenye kioo kikubwa. Upande wako ni kioo cha kujitazamia. Nyuma yake wamekaa wenzako na msimamizi, wanakuona. Katikati ya mazungumzo simu inalia, msimamizi anasema: mhamishe baba akae karibu na mtoto. Wiki za kwanza utamchukia. Kisha siku moja baba anahama kiti, mtoto analia, mama ananyamaza kwa mara ya kwanza, na unaelewa kwa nini taaluma hii haimtibu mtu mmoja mmoja.

Mambo ya viti na mipaka ya familia yalikuzwa sana na Salvador Minuchin, mtoto wa familia ya Kiyahudi aliyezaliwa Argentina mwaka 1921, akakua akizungumza Kihispania. Alifanya kazi na familia maskini za Waafrika-Wamarekani na Waporto Riko, New York na kisha Philadelphia. Miami, José Szapocznik na wenzake walijenga tiba fupi ya familia wakianzia kwa familia za Wakuba, ambako watoto walishakuwa Wamarekani na wazazi wao bado wako Havana kimawazo. Nawataja kwa sababu darasani unaweza kudhani Kihispania ni kiraka kilichoshonewa juu ya taaluma ya Kiingereza, kumbe kimo kwenye kitambaa chenyewe. Na familia za Szapocznik ndizo hizi za Wakongo ninazozipokea sasa: baba alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka 18, binti anajibu kwa Kiingereza cha shule, na mama yuko katikati akitafsiri kwa wote wawili na kwa mwenye nyumba.

Usikubali mtoto awe mkalimani wa wazazi wake chumbani humo, hata wakisisitiza, hata akiwa hodari. Kituo kinachopokea fedha za afya za serikali kuu kinawajibika kisheria kuleta mkalimani, na kutumia mtoto kunaruhusiwa kwa dharura tu. Mtoto anayetafsiri ugomvi wa wazazi wake ameshageuzwa mkubwa wa nyumba.

Chora jenogramu kila unapoweza, yaani ramani ya ukoo ya vizazi vitatu. Familia za Kilatino, kama zetu, hazitoshi kwenye ukurasa mmoja: kuna "compadres", yaani wasimamizi wa ubatizo wa mtoto, kuna aliyelelewa na bibi, kuna mtoto aliyeachwa nyumbani akafuata baada ya miaka minane. Beba karatasi kubwa.

Hatua ya nane: baada ya joho

California, omba usajili wa utarajali ndani ya siku 90 tangu shahada itolewe. Ukifanya hivyo, saa ulizofanya kabla namba haijatoka zinaweza kuhesabiwa, mradi mwajiri alikutaka uchukuliwe alama za vidole za Live Scan kabla hujaanza. Ukichelewa hata siku moja, saa hizo zimeyeyuka. Mtihani wa sheria na maadili ufanye mwaka wa kwanza wa utarajali, kwa sababu huhuishi usajili bila kuujaribu. Wa kliniki unakuja mwisho. Saa zikipita miaka sita kwa kawaida hazihesabiwi tena, kwa hiyo ukipata mtoto katikati, panga. Tangu tarehe 1 Januari 2024, wenye leseni ya MFT wanaruhusiwa kuidai malipo Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na hilo limefungua ajira za wazee. Bibi na babu wa Kihispania wanaosubiri mtu wa kuzungumza naye ni wengi.

Kazini, ukiajiriwa kwa lugha mbili, uliza nyongeza ya mshahara ya lugha kabla ya kusaini. Uliza pia idadi ya wateja. Mwenye Kihispania hugeuka jalala la kila faili gumu, na muhtasari wa mazungumzo ya Kihispania ulioandikwa kwa Kiingereza hukula muda maradufu.

Hakikisha saa zako zinatiwa saini kila wiki. Msimamizi wangu wa kwanza alihamia jimbo lingine ghafla, na mimi nilikuwa na kurasa za miezi minne bado hazina saini, nikisema nitampelekea zote pamoja. Nilimtafuta wiki saba. Tulizitia saini kwenye kibaraza cha mama yake, nilikoendesha gari kwa muda wa saa tano kumfuata, naye akazipitia moja moja akiuliza, "Hii tarehe kweli tulikutana?" Saa 31 alizikataa.